Bomba la Odilia

Kazi yangu ni kuonja kahawa. Nanusa, nafyonza kwa kijiko hadi mluzi usikike, natema, naandika. Miaka yote ya kazi hiyo pua yangu haijanitia aibu ila siku moja tu, tena ugenini, Ufaransa, nilikopelekwa na watu wa kahawa kwenye maonyesho. Maonyesho yalipokwisha nilikodi baiskeli nikaifuata njia niliyokuwa nimeikariri tangu utotoni kwenye ramani ya karatasi. Mto upande wa kushoto, miti mirefu imepangwa kama wanafunzi mstarini, ng'ombe weupe, kijiji, mkate, kijiji, mkate, kisha mlima, kisha mji mdogo wa maji ya moto. Siku tatu. Nilifika mapaja yakitetemeka. Katikati ya mji, chini ya paa la vioo, mwanamke wa makamo alinijazia glasi ya maji yanayotoka ardhini. Wazee waliovaa majoho meupe ya taulo walikaa kando, kila mmoja na glasi yake, wakinywa kwa adabu kama watu waliotoka kukomunika.

Nilinusa kwanza, kwa mazoea. Yai viza. Palepale nikaona mchanga wenye damu, na usipa, dagaa wa ziwa letu, wamegandamana nayo, na mkono wa baba yangu umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Glasi ikaniponyoka. Yule mwanamke alisema kitu kwa Kifaransa, nami nikamjibu kwa Kiswahili, "Samahani mama, si kosa lako." Akaenda kuleta ufagio.

Kosa ni langu, ni la zamani, na leo nalisema.

Wenye umri wangu mtakumbuka wakati ule maduka yalipoanza kujaa ghafla. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya kipande cha sabuni tukaona ndala za rangi nne, redio za kaseti, na mitumba imemwagwa sokoni kama mahindi. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na magari tusiyoyajua, wakapanda hadi vijiji ambavyo zamani walifika padri na bwana shamba tu. Ruksa, watu walisema. Sasa kama kila mtu ni ruksa kuja, basi hata mumiani ni ruksa. Mumiani mnamjua, yule anayevizia watu akawanyonya damu kwa bomba la sindano, ikauzwe mbali itengenezwe dawa. Zahanati zetu hazikuwa na dawa, na mgonjwa wa kuongezewa damu alitakiwa aje na ndugu wa kuitoa. Kwa hiyo kwamba damu ni mali, hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Tena tulikulia kwenye kupigwa. Mwalimu alipiga, katekista alisokota masikio, mama alipiga kwa mwiko ukiwa bado na ugali. Siku moja sokoni Mbinga alikamatwa mwizi wa turubai la kuanikia kahawa. Nilikuwa na miaka minane. Nilipenya katikati ya miguu ya watu wazima, nikaokota jiwe, nikarusha, likampata mgongoni, nikafurahi. Nilirudi nyumbani nikajisifu. Nalitaja jiwe hilo mapema ili asije mtu akanionea huruma kabla ya wakati.

Baba yangu, fundi Kasiani, alikuwa na kibanda cha baiskeli karibu na soko hilohilo. Baiskeli siku zile zilikuwa punda wetu. Zilibeba magunia ya kahawa, mikungu, wajawazito, na mara mbili niliona moja imebeba jeneza. Baba alizijua kama daktari anavyojua mifupa, na alikuwa na hasira za karibu. Ukimletea rimu uliyoipinda kwa kuzidisha mzigo alikutukana kwanza, ndipo akaigonga kwa nyundo huku akiendelea kukutukana, na ukiondoka inazunguka bila kuyumba hata unene wa wembe. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kofi zito, najua, lilinifikia. Lakini mkono uleule ndio ulionisuka nywele mama alipojifungua mdogo wangu. Aliniita mama, kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao, na nikiitwa hivyo nilijiona nimekua.

Odilia alitokea barabara ya Songea mchana wa saa nane, vumbi tupu, nywele nyeupe, kaptura, umri wa bibi yangu mzaa mama. Spoku tatu za gurudumu la nyuma zilikuwa zimekatika. Jina lake lilikuwa Odile, lakini Odilia ni mtakatifu tuliyemjua kanisani, basi tukamrekebisha. Kiswahili chake alikiokota Bukavu alikowahi kuishi, na kilikuwa kimekaa upande.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mutoto. Mimi iko natafuta fundi. Mimi iko muzee, lakini miguu iko kijana."

Baba akaizunguka baiskeli yake kama mtu anayenunua ng'ombe. Gia ishirini na moja. Alizihesabu mara mbili, kwa sauti. Alimhifadhi yule mama nyumbani kwetu siku nne, akichonga spoku za kawaida ziingie kwenye gurudumu lile la kigeni, na kila alipomaliza moja alikwenda kuijaribu baiskeli hadi kanisani na kurudi, hata kama haikuhitaji kujaribiwa.

Majirani walikuja kuuliza.

"Fundi, mgeni wako anakwenda wapi?"

"Anazunguka."

"Anazunguka anafanya nini?"

"Anazunguka tu."

"Na mzigo wake uko wapi?"

Hata baba alisema baiskeli bila gunia ni wazimu. Lakini jioni, kabla ya chakula, alikuwa wa kwanza kuvuta kigoda karibu na Odilia ili aifunue ile ramani. Ilikuwa ramani ya kwao, iliyokunjwa mara nyingi, yenye mstari wa kijani unaopita vijijini na picha pembeni. Odilia alisema kwao kuna watu maelfu wanaofuata mstari huo kila mwaka, wazee kwa vijana, wanalala njiani, wanakula mkate wa kijiji na jibini ya kijiji, hawabebi chochote cha kuuza. Baba alicheka hadi akajifuta machozi. Halafu akaomba auone mstari tena. Akaanza kuukariri kwa kidole. Mto. Kijiji. Mkate. Kijiji. Mkate. Mlima. Maji ya moto.

Kwenye hayo maji ya moto ndiko nilikopotelea.

Picha zilikuwa tatu. Ya kwanza ilionyesha bwawa lenye mvuke, na juu ya maji vichwa vya watu tu, wamefumba macho. Ya pili, watu wamelazwa vitandani kwa safu, wamezungushiwa mashuka meupe hadi shingoni, nao weupe kama mashuka. Ya tatu, mwanamke mwenye koti la daktari ameshika mpira wa maji, anamwelekezea mzee aliyesimama ukutani.

"Hapa wanafanya nini?" niliuliza.

"Mugonjwa iko naingia ndani ya maji ya moto," Odilia akasema. "Magonjwa iko natoka."

"Maji yananuka?"

"Sana! Kama yai mbaya." Akabana pua, baba akacheka.

Mimi sikucheka. Kwetu kinachotumbukizwa kwenye maji ya moto ni kuku, akishachinjwa, ili manyoya yatoke. Niliviangalia vile vichwa vilivyofumba macho nikaelewa kila kitu, kwa akili ile ya mtoto isiyobakiza pengo. Maji yananuka kwa sababu ya waliomo. Weupe wanakuwa weupe kwa sababu wameishiwa damu. Na kwenye fremu ya baiskeli ya Odilia palikuwa pamefungwa bomba jembamba, jeupe, lenye namba ubavuni kama yale ya zahanati. Kwa fundi, kitu cha kujazia upepo kiliitwa bomba, hatukuwa na jina jingine. Nililijua bomba la baba, la chuma, la kukanyagia. Hili lilikuwa jingine kabisa.

Shule zilikuwa zimefungwa na mimi nilitakiwa niende kwa bibi Lituhi. Baba akaamua atanipeleka mwenyewe na kumwongoza Odilia hukohuko, washuke hadi Mbamba Bay, kisha wafuate ufuko wa ziwa kuelekea kaskazini. Mama alisema njia hiyo ni ya mzunguko. "Ndiyo," baba akajibu, "tunazunguka." Nilikaa kwenye keria ya baiskeli yake ya Kichina, mikono kiunoni pake. Tulishuka milima tukiacha miteremko yenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mahindi, breki zinanuka mpira unaoungua, na Odilia mbele yetu akipiga kelele za furaha kwenye kila kona. Baba naye akaanza kupiga kelele. Sikuwahi kumsikia. Nilimshika zaidi.

Kesho yake, mchangani, tukisukuma baiskeli kati ya Liuli na Ngumbo, Odilia alimwambia siku moja naye aje kwao, wafuate mstari wa kijani pamoja, hadi mwisho. "Nitaingiza wewe ndani ya maji ya moto," alisema, "mugongo yako itapona." Baba alikuwa na mgongo mbovu kwa kuinama.

"Nitaingia," baba akasema. "Hata leo."

Nilisikia hivyo nikiwa nyuma yao na viatu mkononi. Kwa hiyo nilijua anakokwenda baba yangu. Alikuwa anakwenda kunyonyolewa.

Baada ya Ngumbo tulifika kijiji ambacho sitakitaja, kwa kuwa watu wake bado wananisalimia. Mwiba uliingia tairi ya Odilia. Baba alikaa kivulini azibe tundu, Odilia akajinyoosha kofia usoni, mimi nikaambiwa nikacheze. Ufukweni wanawake walikuwa wanageuza usipa juu ya vichanja, na wasichana wa rika langu wanafukuza kunguru. Waliniona mara moja kuwa si wa pale.

"We Mmatengo, unaogopa maji?" mmoja akasema. "Wa mlimani wakiona ziwa wanadhani ni anga limeanguka." Wakacheka wote.

Ningeweza kukaa kimya. Nilikuwa na hofu ya siku tano kifuani, na sasa nilikuwa na aibu juu yake, na mtoto mwenye vyote viwili hana breki.

"Mimi siogopi maji," nikasema. "Mimi nalala nyumba moja na yule mzungu. Nyie mngekufa."

"Ana nini?"

"Kwao watu wanawekwa kwenye maji ya moto wakatoka weupe, damu hawana. Nimeona picha. Vichwa tu."

Mama mmoja aliyekuwa anageuza samaki aliacha kazi yake. Kitenge chake kilikuwa kimefungwa ovyo kifuani, nywele zina mchanga. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, na sauti yake ilikuwa ya upole sana.

"Mwanangu, hiyo damu wanaitoaje?"

"Sijui, mama. Lakini ana bomba."

"Umeliona?"

"Nimeliona. Lina namba."

"Na yule mwanamume aliye naye?"

"Ni baba yangu."

"Baba yako anafanya kazi gani na mzungu?"

Niligeuka nikaangalia chini ya mti. "Anamwonyesha njia. Na bomba ndiye anayelitumia. Si yule pale, analitumia sasa hivi."

Ilikuwa kweli. Hakuna neno hata moja nililosema pale ambalo lilikuwa uongo. Ambacho sikujua ni kwamba mama yule alikuwa na mtoto wa miaka sita, Simoni, na Simoni alikuwa hajaonekana kwa siku mbili.

Hakupiga yowe. Alisimama akaenda, mikono yake ikiwa na magamba ya usipa, na wanawake wengine wakamfuata, kisha filimbi ikalia kule vijana walikokuwa wanavuta kokoro, na kokoro likaachwa majini na samaki wake. Nilidhani wanakwenda kumkamata Odilia. Naomba mnielewe hapo, nilifurahi. Nilidhani nimemwokoa baba.

Mzungu hawakumgusa hata unywele. Mzungu ana serikali yake. Isitoshe, mumiani kokote aendako lazima awe na mwenyeji, mtu mweusi kama wewe anayejua nyumba ipi ina watoto. Huyo ndiye anayepigwa.

Mama Simoni alifika wa kwanza. Alilinyakua bomba mkononi mwa baba na kumpiga nalo mdomoni, na baba, ambaye hakuwahi kuacha kofi lipite bila kulijibu, alimtazama tu kwa mshangao akiwa ameshika kiraka. Pigo la pili lilimpasua juu ya jicho. Halafu vijana wakafika na makasia. Kasia linapompata mtu halitoi sauti niliyoitarajia. Linatoa sauti ya mtu anayekung'uta mkeka. Walimvuta hadi kwenye vichanja, kimoja kikaanguka, usipa wakamwagika juu yake na chini yake. Aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, na kasia likaja, na mkono ukakaa mkao mwingine. Mtu akaileta baiskeli yake ya Kichina wakaiponda pia kwa mawe, rimu, fremu, taa, kana kwamba nayo ilikuwa na damu ya kumwaga. Harufu ya usipa, harufu ya damu, na vumbi. Odilia alikuwa analia kwa lugha yake, anashika migongo ya watu, wanamsogeza kando kwa heshima kabisa. "Mama, kaa pembeni."

"Mtoto yuko wapi?" walikuwa wanauliza. Baba alijibu yuko hapa, yuko hapa, akidhani wananiulizia mimi.

Basi nikaletwa. Kijana mmoja mwenye kifua kipana, waliyemwita Bosko, alinibeba juujuu akanisimamisha mbele. Mama Simoni akaniinulia lile bomba.

"Mwanangu, sema tena mbele ya watu. Hili bomba ni baba yako anayelitumia?"

Baba alikuwa amepiga magoti. Aliponiona uso wake ulipona. Alitabasamu na meno mekundu. Yeye alidhani mambo yamekwisha, maana swali lenyewe lilikuwa jepesi: bomba la baiskeli, fundi wa baiskeli, mtoto wa fundi. Angejua vipi kwamba mle kichwani mwangu na mwao kulikuwa na bomba jingine? Alinigeuzia sikio la kushoto, kwa kuwa damu ilikuwa imemziba jicho na sikio la upande wa pili.

"Sema, mama," akaniambia. "Waambie."

Nilikuwa na maneno mengine. Miaka yote hii nimeyahesabu. Ningeweza kusema la baiskeli. Ningeweza kusema anajazia upepo. Lakini nilikuwa nimeona tayari kasia linavyofanya, na macho yote yale yalikuwa yanasubiri neno moja, na mimi nilikuwa mtoto aliyefundishwa kwamba mkubwa akikuuliza kwa ukali jibu ni moja.

"Ndiyo," nikasema.

Bosko akampiga palepale kwenye lile sikio, kwa bapa la kasia. Baba akaenda chini.

Kilichofuata walikifanya taratibu, na utaratibu huo ndio ulionitisha kuliko kelele. Waliichomoa tairi ya baiskeli yake wakamvalisha shingoni. Mtu mmoja akatumwa nyumbani kuleta mafuta ya karabai, yale wanayovulia usipa. Tulisimama tukimsubiri. Odilia alitumia nafasi hiyo. Alipita kati ya miguu ya watu kama mimi nilivyowahi kupita sokoni Mbinga, akamlalia baba kifudifudi, mwili mzima, nywele zake nyeupe juu ya damu, na akakaza vidole mchangani. Walijaribu kumwinua kwa heshima ikashindikana. Mafuta yakaja kwenye chupa ya soda. Aliyeishika akamwangalia Bosko, Bosko akawaangalia wengine. Kumchoma mzungu hakuna aliyekuwa amejiandaa.

Ndipo Mama Simoni akapiga magoti. Alikuwa bado na bomba. Aliutafuta mkono wa baba uliokuwa mzima akaliweka bomba kiganjani, akashindwa kumfumbatisha vidole, basi akalichukua mwenyewe. Akaukandamiza mdomo wa bomba kwenye mshipa wa mkono wake, mahali pa kuchomea sindano.

"Kama umenyonya ya mwanangu, nyonya na yangu," akasema. "Nyonya, nimfuate."

Akavuta mpini, akasukuma. Likasema fsss. Akavuta, akasukuma. Fsss. Mchanga mdogo ukaruka kwenye ngozi yake, na magamba ya usipa yakapeperuka. Alilitazama bomba. Akasukuma kwa nguvu zaidi, tena na tena, akilia sasa, mkono wake mzima kabisa, hauna hata alama, na sisi sote tulisimama tunasikiliza upepo ukitoka.

"Linapuliza," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa mara ya pili. "Halinyonyi. Linapuliza tu."

Aliyeshika chupa ya mafuta aliiweka nyuma ya mgongo wake.

Waliompiga ndio waliompeleka. Walimlaza kwenye mtumbwi juu ya kokoro lao, wakapiga kasia, makasia yaleyale, hadi hospitali ya misheni Lituhi. Mimi nilikaa miguuni pake. Bosko alikuwa anapiga kasia mbele, na kila baada ya muda alisema bila kugeuka, "Pole, fundi." Simoni aliletwa ufukweni na maji siku ya tatu, karibu na Mbaha. Alikuwa amekwenda kuogelea.

Baba aliishi. Mkono wa kulia ulipona umepinda na haukuwahi tena kunyooka, sikio la kushoto likafa. Odilia alikaa naye hadi akaweza kuketi, halafu akaondoka na gari la misheni bila kumaliza kulizunguka ziwa. Alimwachia ramani. Baba aliibandika ukutani kibandani, na bomba pia alilibakiza, sijui kwa nini, akalitumia kujazia wateja upepo kwa miaka mingi, amelibana kwa magoti, anasukuma kwa mkono wa kushoto. Mimi nikawa mkono wake wa kulia. Nilijua kunyoosha rimu kabla sijajua kugawanya sehemu. Kila siku ya utoto wangu uliobaki nililisikia bomba lile likipuliza. Baba alikuwa mpole sasa, hakutukana wateja, na upole ule niliuchukia. Nilimngoja aniulize. Akinipiga, nilijiambia, tutakuwa tumemaliza. Hakunipiga tena hata mara moja.

Nimetoka Ufaransa na chupa moja ya yale maji. Nilimkuta baba kibarazani Mbinga, mzee sasa, kigoda kilekile. Nilimsimulia kuhusu mto, vijiji, mikate, akawa anatikisa kichwa na kuhesabu kwa kidole gotini, na nilipokosea akanirekebisha, akasema baada ya ng'ombe kuna daraja. Nikamwonyesha chupa. Akainusa, akasema, "Yai viza," akaridhika. Kisha nikahama, nikakaa kushoto kwake. Nilijua ninachokifanya. Nilitaka kusema na nilitaka asisikie. Nikainamia lile sikio lililokufa nikalisimulia yote, vichwa bwawani, kuku, wasichana wa usipa, maswali ya Mama Simoni, jibu langu. Nilisema kwa sauti ndogo, macho nimeyaelekeza barabarani.

Nilipomaliza nikamwona ananitazama midomo.

"Umekaa upande mbaya, mama," akasema. "Neno la mwisho sikio hilo lililolisikia ni lako, ile ndiyo. Hamia huku useme jingine."

Nikahama.